Ramani ya Gari Ilivyotupeleka Kuposa

Jamani, leo nimejichoresha. Mchana kweupe, hema limejaa watu, na maikrofoni imewashwa.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati mtadhani nilikuwa nimelewa. (Mnanijua. Mimi na Fanta tu.)

Mnajua nimekuwa natafuta gari. Biashara ya vigae inataka gari, na miaka minane ya kupanda pikipiki hapa Kigali nimeshanyeshewa vya kutosha. Kuna muuzaji mmoja pale chini ya Kiyovu, anaitwa Inosenti, ana magari mawili yanayofanana kama mapacha. Rangi moja, viti vilevile. Tofauti ni kitu kimoja tu. La kwanza lina redio. La pili lina kioo kikubwa chenye ramani, limetoka nacho kiwandani. Na kwa ajili ya hicho kioo, bei inapanda milioni nzima ya faranga!

Mke wangu, mama Nasra, akauliza swali moja: "Milioni ya ramani, na simu yako ina ramani ya bure?"

Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Mama Nasra, simu ni simu. Hii imejengewa humohumo. Gari linajijua lenyewe."

Inosenti akaona ndoa inataka kuingia doa kwenye eneo lake la biashara. Akaingilia: "Boss, usibishane na madamu. Chukua hii ya ramani, tembea nayo wikiendi yote. Jumatatu unaniambia, ni hii ao ni ile."

Wikiendi yenyewe ndiyo hii. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kumposea mdogo wangu Idrisa.

Idrisa anaishi kwetu Tanga. Alikutana na Diane chuoni Dar es Salaam, wakapendana. Diane ni Mnyarwanda, kwao ni Huye, lakini shughuli ilipangwa kwa shangazi yake huku Rebero. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika kwa huyo shangazi. Baba mkwe mwenyewe Idrisa alikuwa hajamwona ila kwenye picha, tena picha ya zamani. Alichojua ni kwamba mzee ni mwalimu mkuu mstaafu, na kwamba alituma ujumbe mfupi: "Saa nane kamili. Nimefunga geti la shule miaka thelathini, sishindwi kufunga la dada yangu."

Idrisa tangu Alhamisi halali. Kijana wa watu amekonda. Asubuhi ananiambia, "Kaka, nikichelewa kwa yule mzee, nimemkosa Diane."

Nikampiga begani. "Una kaka, una gari. Wasiwasi wa nini?"

"Diane amenitumia lokesheni kwenye simu..."

"Hiyo simu iweke mfukoni. Nitajie namba ya barabara tu."

Akanitajia. Nikaiandika kwenye kioo kwa kidole kimoja, polepole, ili majirani wote wa Rwezamenyo waliokuwa wamesimama pale waone. (Ndiyo, nilijimwambafai. Endeleeni kusoma.)

Tukaondoka magari matatu, mimi mbele. Pembeni yangu kakaa mzee Gaspari, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, ndiye msemaji wetu. Huku shughuli hii wanaiita gusaba. Ni posa, lakini ina hema, zawadi, na wazee wawili wanaotupiana maneno kwa maikrofoni, mmoja wa upande wa binti na mmoja wa upande wa kijana. Kazi ya upande wa binti ni kuwasumbua. Watajifanya hawawajui. Watasema binti hayupo, ameenda shule, hajazaliwa. Kazi yenu ni kutokubali. Mkikata tamaa, mmeonyesha hamumtaki. Na mzee Gaspari, nawaambia, ni mtu ambaye mdomo wake haujawahi kushindwa na binadamu.

Safari ilikuwa raha tupu. Ramani inasema kata kushoto, nakata. Inasema panda, napanda. Hatukusimama kumuuliza mtu hata mara moja! Milioni yangu nikaiona inavyofanya kazi. Tukapandisha mlima wa Rebero, tukaingia barabara yenye maua pembeni, na kwenye kioo kikatokea kibendera. Tumefika.

Nikainua macho. Hema jeupe! Magari! Mabinti wamesimama getini na mishanana yao, yale mavazi ya sherehe ya kufunga begani! Saa nane kasoro dakika kumi!

Nikamgeukia mama Nasra kule nyuma. Nilimtazama tu.

"Soma basi kibao cha namba getini," akasema.

"Cha nini? Gari limesema tumefika."

Tukapokelewa vizuri mno. "Murakaza neza, karibuni, tulikuwa tunawangojea!" Vijana wa nyumba wakatupokea zawadi zote, masanduku, kreti za soda, vikapu, wakaingiza ndani. Tukakaa. Tukapewa Fanta baridi.

Msemaji wao akasimama. Mzee mrefu, fimbo mkononi. (Nawatafsiria. Kwa Kinyarwanda ilikuwa tamu zaidi.)

"Wageni, tunawasalimu. Ni akina nani, na mmefuata nini?"

Mzee Gaspari akajibu kwamba tumetoka mbali, tumevuka mpaka, tumefuata ua liitwalo Diane.

"Hapa hatuna Diane."

Hema likacheka. Na sisi tukacheka, tukapiga makofi. Nikamwinamia Idrisa: "Umeona? Wameanza."

"Mtakuwa mmelificha ndani," akasema mzee Gaspari. "Harufu yake tumeisikia tangu mpakani."

Makofi! Yule mzee mrefu akacheka pia, akakuna kidevu. "Hapana, mzee mwenzangu. Katika nyumba hii hajawahi kuzaliwa Diane."

"Mlimzaa mkasahau! Watoto wazuri wakiwa wengi, mtu husahau majina."

Hema halina mbavu. Mama mmoja upande wao anafuta machozi. Nikajisemea, hawa wakwe ni watu wa maana sana.

Idrisa akanivuta shati. "Kaka. Simwoni baba yake Diane."

"Baba mkwe hajionyeshi mapema," nikamwambia. "Ni mila." (Mila hiyo niliitunga palepale.)

Yule mzee mrefu sasa akaacha kucheka. Akavaa miwani, akatazama karatasi yake. "Mzee, naomba tuelewane. Nasema kweli. Binti yetu anaitwa Clarisse."

"Clarisse Mungu ambariki, na yeye atapata wake," akasema mzee Gaspari, amepamba moto. "Sisi hatubadilishiwi. Tumemfuata Diane, na bila Diane hatuondoki!"

Nikasimama kupiga makofi. Mimi peke yangu. Upande wa pili hakuna aliyepiga.

Hapo ndipo getini kukatokea watu. Wengi, wamependeza, zawadi mikononi, na mbele yao mzee ameshika fimbo, mdomo wazi. Nyuma yake kijana wa suti, jasho linamtiririka. Wakawa wanatutazama tulivyokaa kwenye viti vyao na tunavyokunywa Fanta zao.

Nikatoa simu mfukoni. Diane, simu kumi na nne ambazo sikupokea. (Niliizima sauti tangu asubuhi, ya nini simu?) Ujumbe wa mwisho: "Shemeji mko WAPI? Baba amesimama getini na saa."

Nikatamani ardhi ipasuke.

Yule mzee mrefu akaishika maikrofoni kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Ndugu zetu, msione haya. Kupotea ni kwa watu. Ila tunaomba kujua, ni nani aliyewaelekeza hapa?"

Ukoo wangu wote ukanyoosha vidole. Wote! Mzee Gaspari alinyoosha fimbo.

Nikaletewa maikrofoni. Ningeweza kusema lolote. Nikasema ukweli: "Ni gari."

"Gari?"

"Gari lina ramani, mzee. Lilisema tumefika."

Halafu hema likapasuka. Wale wageni halali wakacheka hadi mzee wao akaangusha fimbo. Bwana harusi wao, aliyekuwa anatetemeka, akapona kabisa. Mabinti wa mishanana wakashikana mabega. Aliyecheka kupita wote alikuwa mama Nasra.

Mnadhani iliishia hapo? Zawadi zetu zilikuwa ndani! Tukaanza kuzitoa. Wageni halali wanaingia na zawadi, sisi tunapishana nao tukitoka na zetu, kreti begani, samahani mama, samahani mzee. Kreti moja ilikuwa imeshafunguliwa. Niliiacha. Sikuwa na uso wa kudai chupa.

Nje nikamkuta motari amekaa juu ya pikipiki yake anakula karanga. Nikamwonyesha namba ya nyumba kwenye simu ya Idrisa. Hata hakusimama.

"Iko hapa chini tu, boss. Barabara ni hii hii. Muriipita."

Kumbe ramani inaijua barabara, lakini namba za nyumba haizijui. Ukiandika barabara, inakupeleka katikati yake, inakuwekea kibendera, inapumzika. Sisi tulipita mbele ya mlango wa shangazi bila kugeuza shingo, maana mimi nilikuwa natazama kioo!

Tukafika saa nane na dakika hamsini. Geti limefungwa.

Idrisa akashuka, akashika zile nondo za geti kwa mikono miwili, macho yamejaa maji. Sitanii, pale moyo uliniuma. Nimemkosesha mdogo wangu mke kwa ajili ya kioo.

Mlango mdogo wa geti ukafunguka. Mzee mfupi, shati jeupe, saa mkononi. Ile picha ya zamani, ila mvi zimezidi. Akauliza kwa Kiswahili, polepole: "Dereva wa gari la kwanza ni nani?"

Nikasogea, mikono nyuma. Umri wangu wote huu, nimesimama mbele ya mwalimu mkuu nimechelewa.

"Kwa nini umechelewa?"

"Tulifika mapema, mwalimu. Ila... kwa watu wengine."

"Na mlimwomba nani?"

"Diane, mwalimu. Tulikataa kupewa mwingine."

Akatazama chini. Mabega yakaanza kutikisika. Habari zilikuwa zimeshamfikia! Yule mama aliyekuwa anafuta machozi kule juu ni rafiki wa shangazi, alishapiga simu. Mzee akacheka mpaka akaegemea geti. Kisha akamshika Idrisa mkono. "Ingia, mwanangu. Watu waliomng'ang'ania binti yangu hata mahali ambapo hayupo, nitawanyimaje?"

Diane tumepewa. Mzee Gaspari hakupata hata nafasi ya kutumia maneno yake, maana kila akifungua mdomo, msemaji wao anamuuliza kama gari limemruhusu.

Inosenti nimeshamwandikia leo leo, bila kungoja Jumatatu: naomba lile la redio.

Harusi ni mwezi ujao. Baba mkwe amepanga magari mwenyewe, kwa karatasi, na jina langu lipo: kiti cha nyuma, katikati, baina ya mashangazi wawili. Atakayecheka, tafadhali achekee kwao.