Kuhusu Mtu Aliyegeuzwa Mtoto Katika Ibara ya Kumi na Tisa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kutunga Katiba,

Pokea salamu zangu za heshima.

Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika chumba namba tatu cha jengo la manispaa. Wewe unanijua zaidi kama shemeji yako, maana umemwoa dada yangu, na Jumapili iliyopita ulikula kwangu ukaongeza mara mbili. Hayo ni ya nyumbani. Hapa naandika kikazi, na ningependa nijibiwe kikazi, si kwa kumtuma dada aje kuniambia nipunguze maneno.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chumba. Mlikiomba kwa wiki tatu, na huu ni mwezi wa saba. Mimi na wanafunzi wangu thelathini na wanne tumehamia ujia wa nje, mkabala na stoo, tunakalia ndoo za rangi zilizopinduliwa. Ningevumilia kama viti vyetu vingekuwa vinakaliwa. Lakini wajumbe wa pande zote mbili waligombea safu ya mbele kwa siku nne, mkaafikiana kwamba safu ya mbele asikae mtu. Sasa viti kumi na viwili vipo tu pale mbele. Bibi Dobi, mwanafunzi wangu mwenye miaka sitini na mmoja, ambaye ndiye anayewafulia na kuwapigia pasi vitambaa vya meza, aliuliza kwa adabu kama angeweza kuazima kiti kimoja kwa ajili ya mgongo wake. Aliambiwa kwamba viti vile si vitupu, ni vya maridhiano.

2. Mlango. Upande mmoja haukutaka kuingia nyuma ya mwingine, kwa hiyo mkatoboa mlango wa pili ili wote waingie kwa pamoja. Fremu ya chuma aliichomelea Fundi Cheche, mwanafunzi wangu pia, na kazi aliifanya vizuri. Mimi sina ugomvi na mlango. Ugomvi wangu ni kwamba ukuta mliouchagua ndio niliokuwa nimeuchora alfabeti, na tundu limeondoka na herufi zote kuanzia K hadi R. Tangu siku hiyo wanafunzi wangu wanasitasita kwenye neno "nchi". Neno "mkoa" wanalizunguka. "Katiba" wanaianzia kwenye A.

3. Ubao. Nakushukuru kwamba kila siku saa kumi alasiri mlinzi husukuma ubao na kutuletea huku nje. Taabu ni kwamba huja umejaa rasimu, na juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa USIFUTE. Nikawa sina budi kufundisha kusoma kwa kile kilichopo. Wiki moja, Jumatatu tulisoma: "Sisi wananchi tumeamua." Jumanne ikawa: "Sisi wananchi tumekubaliana kuamua." Jumatano: "Sisi wananchi tumekubaliana kuendelea kukubaliana." Alhamisi lilibaki neno "Sisi" na nukta tatu. Darasa lilifurahi sana kwa kuwa lilikuwa fupi, na wengi walilisoma bila kukosea. Lakini, shemeji, samahani, Mheshimiwa, watu wazima hawawezi kumaliza kitabu cha kwanza kwa neno moja.

4. Tabia. Wanafunzi wangu wanawasikia mnavyofanya kazi, kwa kuwa mlango wa pili haufungi vizuri (hilo Fundi Cheche anasema ni ukuta wenu, si fremu yake). Wamejifunza. Juzi niliwapa imla ya neno "kuku". Nusu waliandika "kuku", nusu wakaandika "kaka". Wakaomba dakika kumi za mashauriano, wakarudi na "kuka", ambalo walisema limepitishwa kwa theluthi mbili. Nilipoweka alama ya kosa, walikata rufaa. Niliwaeleza kwamba tahajia haipigiwi kura. Mlinzi, ambaye naye ni mwanafunzi, alinijibu kwa upole kwamba hata yeye alidhani hivyo kabla hajaanza kulinda Baraza. Kwenye hesabu, saba mara nane, upande mmoja ulisema hamsini na nne, upande wa pili hamsini na nane, wakakutana katikati. Nililazimika kuwapa alama zote, na tangu hapo hawasikii la mtu.

5. Ibara ya kumi na tisa. Hili ndilo lililonikalisha niandike.

Jumanne ya wiki iliyopita ubao uliletwa na sentensi moja tu: "Elimu ni haki ya kila mtu." Bibi Dobi alisimama kusoma. Aliweka kidole kwenye ubao, akaenda silabi kwa silabi, na darasa zima likamfuata kwa macho kama linavuka daraja pamoja naye. Nilikuwa na saa mkononi: ilimchukua dakika sita. Alipofika "m-tu" alikaa na kidole palepale, akatugeukia na kusema, "Hapo ni mimi."

Jumatano alifika mapema, na sketi yake bado ina maji ya kufulia. Aliomba asome yeye tena. Safari hii alikwenda haraka, kwa kuwa njia alikuwa anaijua: elimu ni haki ya kila. Kisha kidole kikasimama. Alirudia mara mbili. Palikuwa pameandikwa "mtoto".

Akaniambia, "Mwalimu, jana nilikuwepo."

Alifuta mikono, akachukua vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi, akaingia navyo ndani kwa mlango wa zamani. Nilimfuata, nikasimama kizingitini. Wewe ulikuwa umetoka, wanasema ulikuwa kwenye simu. Aliwauliza wajumbe kulikoni. Haki yao niwape, walimjibu kwa heshima. Mjumbe mmoja alimweleza kwamba upande wake ulitaka "kila mtu", upande wa pili haukutaka ibara yenyewe iwepo kabisa, basi wakakutana kwenye "mtoto", na kwa kufidia hilo makao makuu ya bandari yakaenda kusini. Alimwambia hayo ndiyo maridhiano, kila upande umeacha kitu chake.

Bibi Dobi alitandika kitambaa cha mwisho, akakinyoosha pembe, kisha akauliza, "Na mimi nilikuwa upande gani?"

Katibu aliandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba swali limepokelewa na litapelekwa kwenye kamati ndogo.

6. Maombi. Nimeisoma ibara hiyo mara nyingi, na kwa kuwa najua hamtarudi nyuma katika jambo mlilokwisha kubaliana, ninaomba njia nyepesi ambayo haitamgusa mjumbe yeyote. Katika sehemu ya tafsiri ya maneno, ongezeni mstari huu: "Mtoto ni pamoja na mtu yeyote, wa umri wowote, ambaye hajamaliza kitabu cha pili cha kusoma." Hapo wanafunzi wangu wote watarudi ndani ya ibara.

Mstari huo ukipita, yatafuata machache. Bibi Dobi hataruhusiwa tena kufanya kazi ya kufua, kwa kuwa ibara ya ishirini na mbili inakataza kazi za watoto, na vitambaa vya meza mtavifua wenyewe. Fundi Cheche ataacha kuchomelea. Mlinzi atalindwa. Mkutano wa wazazi nitauitisha kama kawaida ya shule. Mama mzazi wa Bibi Dobi yu hai, ana miaka themanini na mitatu, na amesema atakuja na kiti chake.

Kisha, Mheshimiwa, kuna kura ya maoni. Watoto hawapigi kura. Karani wenu wa takwimu aliniambia mwenyewe kwamba katika kila watu wazima watatu wa nchi hii, wawili hawajamaliza kitabu hata kimoja. Hao wote watakuwa watoto. Katiba itabaki kupitishwa na theluthi moja iliyobaki, yaani wajumbe, makarani na jamaa zao, nikiwemo mimi. Naona itakuwa rahisi zaidi kuwapikia wote Jumapili tukamalizia hapohapo mezani.

Na iwapo yote haya ni magumu, basi naomba mtoke chumbani kwangu kabla ya mwisho wa mwezi, na ukuta wangu mniachie na herufi zake.

Nisalimie wajumbe wa pande zote mbili, kwa mpangilio wowote mtakaoafikiana. Msalimie katibu, mpiga chapa, na yule mama wa chai ambaye ndiye pekee anayepita milango yote miwili bila kuulizwa. Dada mwambie kanzu ya mtoto wake iko tayari.

Ni mimi niliye mtiifu kwako kikazi, na shemeji yako siku nyingine zote,

Mwalimu wa kisomo, chumba namba tatu (ujiani)

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii niliwasomea wanafunzi, nikidhani watafurahi. Walicheka mpaka nilipofika namba sita. Hapo Bibi Dobi aliinuka kwenye ndoo yake. Alisema amelea watano na kuzika wawili, na hatarudi utotoni hata kwa siku moja ili apewe kitabu. Wengine wote wakamuunga mkono bila mashauriano. Kwa hiyo maombi yangu yote nayaondoa, pamoja na lile la kutoka chumbani. Kaeni. Nakuomba tu msiipigie kura ibara ya kumi na tisa kwa sasa, kwa sababu Bibi Dobi anakuandikia barua yake mwenyewe. Alianza jana na yuko mstari wa pili. Kwa mwendo wake itakufikia Ijumaa ya wiki ijayo, labda Jumatatu. Tahajia hataki nimsaidie.