Kabati Lililogoma Mlangoni

Jumatatu, 4 Machi
Ijumaa tajiri wa karakana anachagua msimamizi. Ni mimi au shemeji. Mimi seremala, yeye mpaka rangi. Kuna la kujadili hapo? Sisi ni watu wa vipimo. Wao wanachovya na kupaka. Hata hivyo usingizi haunijii. Mke wangu kasema niache kuzunguka chumbani, namtia kizunguzungu. Shemeji ni kaka yake, kwa hiyo simwamini.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa! Lile kabati la mwaka jana. Liliundiwa ndani, likakataa kupita mlangoni, mteja anacheka nje. Aibu ya wapaka rangi! Nakumbuka kama jana: walipaka tabaka juu ya tabaka mpaka likanenepa. Nikaliokoa mimi, nikabomoa fremu ya mlango. Nitamkumbusha tajiri. Mke wangu akasema nyani haoni kundule. Nikamwambia kweli kabisa, wapaka rangi ndivyo walivyo.

Jumatano, 6 Machi
Nimewapanga maseremala wenzangu wawe mashahidi. Balaa! Wote wanakubali kosa ni la wapaka rangi, ila kila mmoja anadai fremu alibomoa yeye. Tumegombana hadi chai ikapoa. Mzee wa Randa, mwenzetu, mwaka jana alikuwa hajaajiriwa bado, naye eti alishika nyundo!

Alhamisi, 7 Machi
Nimelitaja kabati mbele ya tajiri na wenzetu wote. Shemeji akasema kwa upole kwamba fremu waliibomoa wapaka rangi. Mwongo! Tajiri akauliza fremu ipi, mbona iko pale pale na rangi yake ya zamani. Akasema kabati alilikata yeye mwenyewe kwa msumeno, sisi sote tumejificha stoo. Kisha akauliza nani aliupima mlango. Maseremala wote wakaninyooshea kidole. Wenzangu wa damu! Niliona haya, karibu nilie.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji ndiye msimamizi. Mimi nusura nifukuzwe. Mke wangu akamwomba kaka yake, naye akanichukua upande wa rangi. Nimenawa uso chooni mara kadhaa.

Jumatatu, 11 Machi
Shemeji anahitaji msaidizi! Nimezunguka chumbani tangu alfajiri. Sisi wapaka rangi ni watu wa macho. Maseremala? Wanapiga misumari tu, hawasikii la mtu. Lile kabati nalikumbuka kama jana: walipima ovyo, sisi tukawaonya, wakatudharau. Nilikuwepo, brashi mkononi. Kesho namkumbusha tajiri.