Mzee, Mmeninyima Mke kwa Sababu ya Muziki

Batsinda, Kigali
Jumamosi, alasiri

Kwa Mzee Twizeyimana,
Msemaji wa ukoo wa Umulisa,
Kanombe.

Mzee wangu mheshimiwa, shikamoo.

YAH: KUPINGA KUKATALIWA KWA POSA YANGU KWA KISINGIZIO CHA MUZIKI

Naomba radhi kukuandikia mapema hivi, ilhali kiti nilichokalia kwenu huenda bado kina joto. Mimi ndiye yule kijana aliyeketi mbele, mgolole begani na fimbo mkononi, akitabasamu bila kujua kinachomsubiri. Jina langu Hirwa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda changu hukatika ninapokasirika, maana nimekulia Karagwe, Tanzania, nikarudi nyumbani na ndevu zangu. Nawe nimeambiwa uliendesha malori ya Dar es Salaam hadi ukawa unaota kwa Kiswahili, kwa hiyo tutaelewana.

Leo ukoo wangu ulikuja kwenu kwa gusaba, yaani kumwomba Umulisa awe mke wangu. Baba yangu mdogo Kalisa, ambaye ndiye msemaji wetu, alisimama akanitambulisha kwa heshima zote: nafundisha Kiswahili shuleni, na tena ni mtu wa muziki. Ukainuka wewe. Ukashika kipaza sauti nilichokikodi mimi mwenyewe, ukatangaza mbele ya halaiki kwamba huyo Umulisa hamumjui, na hata mngemjua, nyumba yenu haiozi binti kwa makelele, hivyo turudi tulikotoka tukanitafutie kazi kwanza. Watu wakacheka. Shangazi yangu wa damu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Nikaondoka kama mtu anayekwenda msalani, nikatokea nyuma ya jiko, nikapanda pikipiki hadi Batsinda. Simu nimeizima. Mgolole sijauvua, kwa kuwa sijui kuufungua peke yangu.

Mzee, niliumia. Nampenda Umulisa, na sina Umulisa mwingine. Hivyo basi, kwa unyenyekevu, nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Umesema muziki si kazi. Mzee, muziki si kazi moja, ni kazi nyingi, na nina ushahidi, kwani karibu zote zimenikataa. Nilianza na uimbaji. Nilikwenda kurekodi Gatsata, kwenye studio iliyo juu ya gereji. Nikaimba kutoka moyoni. Mtayarishaji, kijana mpole sana, alisikiliza mara ya kwanza, akasikiliza mara ya pili, kisha akaniambia, "Mwalimu, hii sauti ya nyundo ya mafundi kule chini iko nzuri sana. Tubakishe hiyo." Sauti yangu akaitoa. Nyundo zimepigwa redioni. Kwa hiyo wimbo wangu umesikika nchi nzima, isipokuwa mimi, na sidhani kama kuna wasanii wengi wenye rekodi ya namna hiyo.

2. Umesema mimi ni makelele. Hapa nakubali kwa sehemu. Nilipokuwa nikifanya mazoezi nyumbani, mkuu wa mudugudu wetu, yaani kitongoji, alibisha hodi. Nilidhani amekuja kunionya, maana mji wetu hauna mchezo na makelele. Kumbe alikuja na watu wawili wenye nguvu, akauliza kwa huruma, "Ni nani iko napigwa humu ndani?" Tangu hapo naimba nikiwa nimefumbatia mto usoni. Mtu wa makelele hawezi kuwa na adabu kama hiyo.

3. Nilipoona koo halinitaki nikahamia kwenye ala. Kwaya ya kanisani kwetu ilinipokea nipige gitaa la besi. Nilipiga kwa moyo, nikitikisa kichwa, nikifumba macho kwenye kibwagizo. Msimu mzima wa mvua ulipita ndipo nikagundua kuwa waya wa gitaa langu haukuwa umechomekwa popote. Nilimuuliza kiongozi wa kwaya. Akaniambia kwaya haijapata kuwa na mpigaji anayependeza kumtazama kama mimi. Mzee, ni familia gani isiyotaka mkwe anayependeza kumtazama?

4. Kisha nikawa meneja. Nilimsimamia dada mmoja anayeitwa Christella, sauti yake kama ya malaika. Wakati wote nikiwa meneja wake hakuitwa hata kwenye ubatizo. Aliponiachisha kazi, alialikwa kila mahali, na sasa namwona kwenye mabango njiani. Wenye wivu husema nilikuwa nuksi. Mimi nasema nilimwandaa vizuri.

5. Utunzi pia nimejaribu. Nilimtungia Umulisa wimbo, nikamwimbia tukiwa tumekaa nje ya kituo cha afya anakofanya kazi ya uuguzi. Alilia. Nilipotaka kuendelea na ubeti wa pili alinishika mikono yote miwili, akaniambia nisijichoshe, ubeti wa kwanza umetosha maisha yake yote. Sasa wewe unasema hamumjui! Mimi namjua. Najua anavyonyamaza akiwa amechoka na anavyocheka kabla mzaha haujafika mwisho. Hili ndilo lililonichoma kuliko yote, Mzee wangu, kwamba ulitamka jina lake kana kwamba ni la mtu wa kupita.

6. Nalalamika pia, ingawa hili linahusu upande wangu, kwamba baba mdogo Kalisa alinisaliti hadharani. Ulipotukana kazi yangu alitakiwa apige meza. Badala yake aliinamisha kichwa akasema ni kweli kabisa, kijana wetu hana lolote, ni wa kuhurumiwa, ndiyo maana tumekuja kwenu mumsaidie. Kisha akapokea kinywaji chenu akanywa! Mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli! Sijui mlimpa nini, lakini nimeanza kuelewa kwamba mambo haya yalipangwa.

7. Na ikiwa yalipangwa, basi tatizo ni kubwa kuliko mimi. Leo mnamnyima mke mpiga besi, kesho mtamnyima mpiga ngoma, keshokutwa hakutakuwa na mwanamuziki mwenye mke nchini, wala mtoto wa mwanamuziki, na hatimaye arusi zenu zitafanyika kimya kimya kama mtihani wa taifa. Hapo ndipo mtakaponikumbuka, nami nitakuwa mzee, peke yangu, na mgolole huu huu.

Kwa kuzingatia hayo, naomba yafuatayo. Ukoo wako ukae upya na unitangaze kwa cheo cha Mtaalamu wa Muziki, ambacho hakitaji ala yoyote na hivyo hakuna anayeweza kukipima. Watu walioshiriki kucheka wafute kicheko chao, wakianza na shangazi yangu. Mimi nipewe nafasi ya kuimba mbele ya wazee wote ili wajionee wenyewe, wimbo mzima, ubeti wa pili ukiwemo. Mkikataa, sitakwenda popote kushtaki. Nitapanga chumba Kanombe, jirani na ukuta wako, dirisha kwa dirisha, na nitafanya mazoezi bila mto. Unaishi karibu na uwanja wa ndege, najua, na unadhani umeshazoea.

Nisalimie mama yake Umulisa, ambaye hakucheka, au alicheka akiwa ameinama. Nisalimie shangazi zake, mabinti waliokuwa wakijiandaa ndani, wapishi walioniona nikipita na hawakusema kitu, na wale ng'ombe wetu waliofungwa nje, ambao walisafiri mbali na hawana kosa. Umulisa mwambie sijabadilika.

Nabaki mkwe wako mtarajiwa, kama bado kuna wa kutarajia,

Hirwa
Mwalimu, na mengineyo

N.B. Mzee wangu, kabla sijafunga bahasha amefika rafiki yangu Kaze kwa pikipiki, jasho linamtoka. Nimemweleza uamuzi wako wa kikatili. Amekaa chini kwanza.

Kumbe hukunikataa. Kaze ananiambia hiyo ndiyo mila yenyewe: upande wa binti lazima ukatae, umtafutie kijana kasoro, umkane hata binti, na upande wa kijana ujishushe na kubembeleza, na watu huja kusikiliza ni nani anayekataa kwa ufundi zaidi. Anasema wewe ni bingwa wa kukataa Kanombe nzima na kwamba leo ulijipita mwenyewe. Anasema pia baba mdogo Kalisa alinieleza yote haya juzi, hatua kwa hatua, nami nikawa naitikia kwa kichwa. Nakumbuka. Nilikuwa na spika za masikioni, nasikiliza wimbo wangu wa nyundo.

Anasema mlikwisha kunikubali nikiwa bado nyuma ya jiko. Ng'ombe wamesifiwa, mahari imepokelewa. Umulisa ametoka na mabinti wenzake, amependeza, amefika mbele kunikumbatia, amekuta fimbo imeegemezwa kwenye kiti. Ukoo wangu umesema nimekwenda kuleta zawadi. Ukoo wako umeamini ni utani wetu wa kujibu wenu na mnatusifu. Flash ya nyimbo zote za sherehe iko hapa mfukoni mwangu, hivyo akina mama wanaimba kwa makofi tu, na Kaze anaapa hajaona shughuli tamu kama hii.

Basi tafadhali mnitangaze kuwa mwalimu wa Kiswahili. Hayo mengineyo yafuteni, na barua hii ichane.

Nimewasha simu. Umulisa ameandika: "Uko wapi sha? Watu wote iko nakungoja. Kuja haraka. Lakini usiimbe."

Nakuja.