Fundo la Bibi Zilla

Jumapili, 26 Aprili

Nimedhalilishwa. Na mpwa wangu wa damu!

Kerensa anafungishwa mikono, ndoa ya kichawi ya kamba, na Hedley wake Ijumaa hii, sikukuu ya Mei Mosi, kule kwenye mawe ya kale juu ya kilima. Jambo jema. Chai nikanywa, keki nikala. Nikangoja aseme lile nililojua atasema: Mjomba, wewe ndiye utakayetufunga kamba. Nikajiweka sawa kitini. Nikapangusa makombo ndevuni.

Akasema kamba atafunga Beryl Nancarrow.

Beryl! Mama mkuu wa kilinge, kile kikundi cha wachawi wa mtaa wa juu, aliyestaafu juzi tu kupokea simu kwa daktari wa meno! Na mimi je? Kerensa akasema nina kazi muhimu sana. Nitashika ufagio.

Ufagio! Mimi Denzil Curnow, niliyetandika mazulia nusu ya Cornwall! Mimi niliyewahi kutuliza dhoruba kwa kuikemea tu (mashahidi wapo, ila wamekufa)! Maharusi watauruka, na mimi nimeinama pale chini kama mfagiaji wa stesheni.

Nikatabasamu. Moyoni tayari nina mpango.

Kabla sijaondoka akanionyesha kamba yenyewe. Kaisuka kwa mkono wake, mikanda mitatu: mweupe, mwekundu, wa kijani. Ule wa kijani ni gauni la mama yake, marehemu dada yangu Loveday. Kipande cha mwisho. Lililobaki lote lililiwa na nondo. Akasema hivyo ndivyo mama atakavyokuwepo Ijumaa. Nikanyoosha mkono niishike. Akaipandisha juu ya kabati. Akasema macho ruksa, Mjomba, mikono weka mfukoni.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimemwendea Beryl kwake. Uso kwa uso, kiume.

Kilinge chake chote kilikuwepo, kinakunywa chai. Wachawi wa mji wetu hawalogi hata inzi. Kazi yao kubwa ni chai, na kubishana nani ana mapokeo halisi. Wa kwa Beryl huabudu wakiwa uchi wa mnyama, hata Februari, ndiyo maana wote wana mafua. Kuna wengine ng'ambo ya mto, wa majoho meupe, wanaozungumza na miti ya mialoni. Beryl hawapendi. Anasema mialoni haijibu.

Nikamwambia aniachie kamba ya mtoto. Akauliza nimeingizwa katika uchawi na nani. Kwao huwezi kujiingiza mwenyewe. Lazima uwe umeingizwa na mtu, naye awe ameingizwa na mtu, mnyororo mpaka mwanzo. Nikamjibu bila kupepesa: nimeingizwa na bibi yangu, Zilla Curnow, ndani ya stoo ya jamu, nikiwa bado navaa kaptula. Mapokeo ya ukoo. Ya siri. Ya kale kuliko mawe!

Beryl akasema kila mwongo aliyekutana naye katika dini hii ana bibi. Halafu akasema Zilla Curnow anamkumbuka vizuri sana: kwaya ya kanisa maisha yake yote, na mamumunye yaliyoshinda kila maonyesho ya mavuno. Nikamwambia, ulitaka ajitangaze? Na yale mamumunye, unadhani yalinenepaje?

Bao!

Akanitaka nitaje walau desturi moja ya mapokeo hayo. Ulimi wangu haujawahi kunitupa. Nikasema kwetu anayeingizwa husimama ndani ya ndoo, ili miguu ikumbuke kisima. Beryl akasema siku zote amesikia kuwa debe tupu haliachi kuvuma, leo ndiyo anaona lenye mtu ndani. Wakacheka wote.

Si wote. Ivor wa posta, aliyeleta barua akabaki kwa chai, hakucheka. Nilimwona akitikisa kichwa kama aliyesikia siri ya uzima.

Jumanne, 28 Aprili

Ivor ni wangu!

Huyu ndiye anayetuletea barua, na ni mchawi wa peke yake. Hana kilinge, hana mkuu, hufanya ibada zake nyuma ya ua. Anauthamini upweke wake mno, na humweleza kila mtu mlangoni. Leo kaniomba nimwingize katika mapokeo ya Zilla.

Akauliza: uchi au joho? Kumwona Ivor uchi sikutaka. Nikasema aproni. Tukaingia kibanda chake cha kioo, kati ya miche ya nyanya. Nikamsimamisha ndooni, nikasema maneno ya kale yaliyonijia palepale. Ndoo ilikuwa ndogo. Mguu mmoja ukakwama. Nikamwambia hiyo ni ishara adimu sana, bibi yangu aliiona mara moja tu. Machozi yakamtoka. Furaha, nadhani. Baadaye tukaunasua kwa siagi, na akanipa pasti mbili za nyama.

Kwa siku moja mapokeo yameongezeka maradufu! Kilinge cha Beryl kimewahi?

Jioni Kerensa kapiga simu. Habari zimemfikia. Akasema Bibi Zilla alikuwa akiona paka mweusi anarudi ndani kusali. Akasema mama yake alimwachia wosia mmoja juu yangu: Denzil akikwambia mvua inanyesha, toa kwanza mkono dirishani.

Nilicheka sana. Loveday alinipenda, yule.

Alhamisi, 30 Aprili

Mazoezi leo asubuhi, pale kwenye mawe. Mambo yameenda vizuri kiasi. Kuna dosari moja.

Nilifika kabla ya wote. Mpango: Beryl akute duara limeshachorwa, na limechorwa na bingwa. Nikalichora kwa kisu changu cha kukatia mazulia, kwa kufuata mwendo wa jua. Nikaziita pembe nne za dunia kwa sauti iliyotawanya kondoo. Nikanyunyiza maji ya chumvi. Nikaacha mlango mmoja. Walipoingia wote, Beryl, Hedley, Kerensa, Ivor anayechechemea, nikaufunga mlango nyuma yao, kimyakimya. Sikumwambia mtu. Mambo ya kushtukiza yanapendeza.

Beryl katoa kamba ya mazoezi. Ya plastiki! Ya kuanikia nguo! Na fundo lake, jamani, mtoto wa chekechea angelifungua kwa pua. Nikamwambia mimi nimefunga marobota ya mazulia tangu ujana, nitamwonyesha fundo. Lakini fundo la heshima halikai kwenye plastiki. Kamba yenyewe ilikuwa kikapuni. Kerensa alikuwa na Hedley upande wa pili, wanapanga wageni watasimama wapi. Nikaiazima.

Maharusi hawafungwi siku ya mazoezi, ni nuksi. Kwa hiyo nikatumia mkono wangu na wa Beryl. Akasema nimwachie mkono wake. Nikasema ni kwa ajili ya mtoto. Nikazungusha kamba, nikauliza kama inavyoulizwa: utautunza mkono huu mwaka mmoja na siku moja? Beryl amefungisha watu wengi mno. Ulimi wake ukajibu wenyewe: nitautunza. Nami nikasema nitautunza. Nikasema vuta! Tukachomoa mikono, na fundo likakazika katikati ya kamba.

Fundo gani! Lingebeba zulia la ngazi za kasri!

Ivor akapiga makofi. Akauliza kama ni desturi yetu kufanya mazoezi nje ya duara. Nikasema kwa fahari: nje ya duara? Duara nimelichora mwenyewe, nimelifunga mwenyewe, hapa tuliposimama ni patakatifu mpaka chini ya udongo!

Beryl akawa mweupe kuliko wale wa majoho.

Hapo ndipo na mimi nikakumbuka. Mkono kwa mkono, maneno yote, ndani ya duara lililofungwa: hayo si mazoezi tena. Tumefungishwa. Na fundo la kufungishwa halifunguliwi wala halikatwi mpaka mwaka na siku moja vitimie. Katika hilo vilinge vyote nivijuavyo vinakubaliana, na sijawahi kuviona vikikubaliana hata juu ya sukari ya chai.

Kerensa akaja. Akaona. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akaketi kwenye nyasi, akalipapasa lile fundo. Kijani chote kilikuwa kimemezwa mle ndani. Akauliza: ni ile ya mama?

Nikamwambia fundo ni imara sana.

Ndipo Beryl akanigeukia. Sipendi maneno yake lakini nayaandika. "Chagua, Denzil. Kama bibi yako alikuwa mchawi kweli, duara lako ni duara, na fundo linakaa hivyo mpaka mwakani. Kama umemtunga, basi wewe ni fundi zulia uliyezungusha kisu mbele ya kondoo, hiki ni kitambaa tu, na mtoto anakifungua sasa hivi. Neno moja tu linatosha. Sema nilidanganya."

Wote wakanitazama. Ivor kuliko wote. Ule mguu wake bado umevimba.

Nikasema nitashauriana na wahenga.

Ijumaa, Mei Mosi

Jua! (Niliagiza.)

Mlingoti wa Mei, ule wa kuzungukwa kwa ngoma, na tepe zake, pombe ya asali, watu wa mitaa yote. Hata wa majoho meupe wamekuja, wakasimama karibu na miti. Kerensa gauni la manjano, maua meupe kichwani. Kapendeza kama mama yake. Nilishindwa kumtazama sawasawa, jua lilikuwa kali.

Kisha nikaona Hedley alichoshika. Utepe wa buluu. Wa boksi la keki! Jina la duka bado liko juu yake! Huo ndio wangefungwa nao.

Nilikuwa nimesimama na ufagio wangu. Nikauangalia ule utepe. Nikauangalia tena. Nikatoka mstarini, nikasema nina neno moja. Watu wakanyamaza. Beryl akanyamaza, jambo ambalo halijapata kutokea. Nikafungua mdomo.

Nzi akaingia.

Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Nzi wa Mei ni wakubwa. Beryl akanipiga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nikafungua mdomo tena. Hakikutoka kitu. Nzi yuleyule, bila shaka.

Kerensa akanitazama. Ile tazama ya Loveday, ya kumwona mtu mpaka mfupa. Akasema basi, Mjomba, usijisumbue, utatufia hapa kabla hujalitamka. Akaenda kikapuni, akatoa kamba ya mama yake na fundo langu katikati. Akawageukia watu. Akasema mama yake aliishi na Denzil Curnow amemkaa katikati ya maisha kama fundo. Hakulifungua. Hakulikata. Leo akija na asilikute hapo, atadhani amekosea harusi.

Wakacheka. Wengine wakapenga kamasi. Hao ni wale wa mafua.

Ncha mbili za kamba bado zilikuwa ndefu. Beryl akawafunga nazo, fundo langu likakaa katikati ya viganja vyao. Waliposema nitautunza, Kerensa alikuwa amelikamata lile fundo hasa, kama mtu anayeshika mkono. Wakavuta. Fundo la pili likakaa kando ya langu. Dogo, legelege, lakini fundo.

Ufagio nikaushika. Nauliza: nani kawahi kuushika ufagio namna ile? Kerensa karuka kama swala. Kwa Hedley niliuinua kidogo, ili mruko uwe na heshima. Akaangukia keki. Ni bahati kubwa, kuangukia keki. Nikawaeleza watu: desturi ya Zilla.

Jumapili, 3 Mei

Ushindi pande zote.

Watu wa majoho meupe wameniulizia! Kuna maharusi kwao, wanataka na wao fundo la ndugu katikati ya kamba, lifungwe siku moja kabla. Wameuliza ni desturi ya wapi. Nikasema ya bibi yangu, na kwamba niliipanga yote tangu Jumapili iliyopita, hatua kwa hatua. Ivor ameingiza watu wawili zaidi. Kanunua ndoo kubwa.

Beryl ameleta ujumbe. Anasema kwa mapokeo yake mimi na yeye ni kitu kimoja hadi mwakani, kwa hiyo Jumanne nifike na zulia la ngazi, mume wa aina yoyote hutandika. Nitakwenda. Namwonea huruma. Naona ameanza kunipenda, maana mwishoni kaandika nisichelewe na nisilete bibi. Sitaleta bibi. Nimefikiri usiku kucha, mapokeo yanahitaji pia babu. Babu Jago, aliyezungumza na nyangumi. Nitamweleza nikiwa ngazini.

Muda huu nimempigia Kerensa, anakaa mtaa wa pili tu. Nikamweleza habari za Babu Jago. Akavuta pumzi ndefu. Nikamwambia kamba aiweke mbali na madirisha, maana mvua imeshaanza, nimeiita mwenyewe kwa ajili ya bustani za mji mzima.

Mara nikasikia dirisha lake likifunguliwa.

Ananiamini sana, yule mtoto.