Adabu za Jumba la Potsidamu Nyumbani Kwangu

Kwa jina la Mola aliyewaumba wafalme na wapagazi kwa udongo mmoja. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aali zake na sahaba zake. Na wewe utakayelifungua daftari hili, nikiwa hai au nikiwa mavumbini, nakusalimu: asalamu alaykum. Yaliyomo ni ya siri. Ukicheka, cheka kwa sauti ya chini.

Jumatatu, 20 Rajabu (29 Oktoba 1934)

Habari kubwa! Baada ya sala ya Alfajiri imesomwa barua ya Tabora. Sheikh Nasibu atafika kwa treni siku ya Jumamosi, kututeulia imamu. Tangu imamu wetu alipofariki tunasalishwa kwa zamu, na hapa Shinyanga macho yote yako kwa watu wawili. Mmoja ni Majaliwa, muuza chumvi na majembe, rafiki wa wachimba dhahabu wote wa Geita. Anasoma Kurani kama mtu anayepanda kilima na gunia kichwani. Wa pili ni mimi.

Naliandika waziwazi: nautaka uimamu huu kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote. Kabla ya vita nilikaa Berlini miaka miwili, nikiwafundisha Kiswahili maofisa wa Kijerumani. Tangu nirudi, wapo watu mjini humu wanaoamini kwamba nilikula nguruwe. Sikula! Nilikula viazi. Miaka miwili, viazi. Lakini mtu akisimama mbele ya safu, na wenzake wakarukuu na kusujudu nyuma yake, nani tena atamwuliza alikula nini ujanani?

Jamaa wameamua Sheikh alale kwa Majaliwa, mwenye vyumba vingi, na mlo wa kwanza ale kwangu. Mlo mmoja tu. Unanitosha.

Jumanne, 21 Rajabu (30 Oktoba)

Nimewaza kutwa nzima. Pilau kila mtu anaweza kuipika. Bali ni nani, kutoka Maganzo hadi Ushetu, aliyepata kuingia jumba la mfalme? Mimi!

Ilikuwa mwaka 1912, siku ya mapumziko. Bibi mzee niliyepanga kwake alinipeleka kwa treni Potsidamu, mji wa majumba ya wafalme wao. Mlangoni mwa jumba niliona watu wameinamia miguu yao. Nikafurahi sana: kumbe na hawa huingia kwa adabu, kama msikitini! Nikavua viatu haraka, nikaingia kwa soksi, mojawapo ina tundu. Bawabu akanikimbilia akipiga kelele. Kumbe wao hawavui. Huvaa sapatu kubwa za sufu nzito juu ya viatu vyao, ili sakafu ya mbao isikwaruzwe. Nami nikavalishwa. Nikaburura miguu kama bata, chumba baada ya chumba, mbele ya dhahabu, vioo na marumaru, na ukumbi mmoja ambao kuta zake zimebandikwa makombe ya baharini na mawe ya madini tangu chini hadi juu.

Bawabu yule, mtu wa masharubu, alitulia akanieleza mambo ya baraza ya wafalme. Alisema kwamba mezani kila mtu alikuwa na kiti chake kilichoandikwa kwa kadiri ya cheo. Akasema pia kwamba mfalme akiweka uma chini, sahani za wageni wote huondolewa papo hapo. Wale wa mwisho wa meza, ambao ndio kwanza wamepakuliwa, hurudi makwao na njaa, lakini wenye heshima.

Nimeyaona wazi. Sheikh Nasibu atapokewa kwangu kama anavyopokewa mfalme. Nani atamtazama muuza majembe baada ya hapo?

Nimemweleza mke wangu, Mwaisha. Ameniuliza kama heshima hiyo hushuka tumboni, au mtu huiweka mfukoni akafika nayo nyumbani. Wanawake wa Berlini pia walikuwa na maneno.

Jumatano, 22 Rajabu (31 Oktoba)

Nimempelekea fundi Sabiti mablanketi matatu ya zamani, anishonee jozi ishirini za sapatu. Aliniamkia vizuri, shikamoo Maalim, nikamwitikia marahaba. Kisha akauliza kwa sauti ya huruma kama wageni wangu ni wagonjwa wa miguu. Nikamfafanulia habari za sakafu ya mfalme. Akasema amefahamu, ila sakafu yangu ni ya saruji, naye hajasikia saruji ikikwaruzwa na wazee. Nikamwambia ashone.

Bali neno lake lilinichoma. Sakafu isiyong'aa haistahili sapatu. Nimepata nta ya nyuki kutoka Ushetu, donge la kutosha. Mabula ameisugua sakafu tangu Adhuhuri hadi Alasiri. Mabula ni Msukuma, mtu mzima, baba wa watoto sita, aliyekuwa mpagazi na sasa hunisaidia kazi za nyumbani. Ana nguvu za ng'ombe wawili, na hajapata kuvunja amri hata moja. Sakafu imekuwa kioo! Nimeuona uso wangu ndani yake. Ulikuwa uso wa imamu.

Alhamisi, 23 Rajabu (1 Novemba)

Mazoezi ya meza. Nimemfundisha Mabula asitazame kitu kingine isipokuwa mkono wa kulia wa Sheikh. Mkono ukiinuka usirudi, sahani zote ziondoke, bila neno. Tumejaribu kwa viazi vitamu. Nikala matonge matatu, nikainua mkono. Mabula akapita kama upepo! Akaondoa sahani yangu, na sahani ya Mwaisha, ambaye hakuwa katika mazoezi, alikuwa anakula tu. Mwaisha akabaki na mkono hewani. Alisema maneno ambayo mwezi huu mtukufu hayaniruhusu kuyaandika.

Mabula akauliza: na ikiwa chakula kimekwisha kuingia mkononi mwa mtu? Nikamjibu kwa uzito kwamba sheria ya baraza haina upendeleo. Akasema amesikia, “Mhola, Mwanangwa,” yaani mambo ni salama, mkubwa wangu.

Kwa kuwa kila mtu atakuwa na sahani yake, nimezikodi sahani kumi na tano kwa Mhindi wa sokoni. Jamaa wamezoea sinia moja kwa watu watano. Watajifunza.

Ijumaa, 24 Rajabu (2 Novemba)

Nimeandika karatasi ya viti. Nambari ya kwanza, Sheikh. Ya pili, kulia kwake, mimi. Majaliwa nimempa ya kumi na tano, mlangoni, karibu na mtungi wa maji. Sikufanya kwa chuki. Nilitazama vyeo tu.

Baada ya sala Majaliwa alinishika bega mbele ya watu. Akasema, “Ehe, Mjerumani! Nasikia kesho tunavaa mablanketi miguuni. Na vichwani tuvae nini, masufuria?” Watu wakacheka mpaka Sabiti, ambaye nilidhani yuko upande wangu. Nikajibu kwa upole kwamba elimu humcheka anayeicheka. Hakuna aliyeelewa. Hata mimi, nikisoma sasa, sielewi vizuri.

Jumamosi, 25 Rajabu (3 Novemba)

Siku ya msiba. Naandika kwa utaratibu, ili nisijidanganye baadaye.

Sheikh Nasibu aliteremka kwenye treni salama. Ni mzee mwembamba, sauti ndogo, macho yanayoona kila kitu. Mlangoni kwangu akapewa sapatu. Alizitazama kitambo, akanitazama, akavaa bila kuuliza. Mwungwana! Akakaa nafasi yake. Nikakaa kulia kwake. Wazee wakafuata mmoja mmoja, wakiburura miguu, wakishikana mabega. Kila kitu Potsidamu tupu.

Wa mwisho akawa Majaliwa. Yeye ni mtu wa kutembea kwa kishindo, na kwa kishindo akaingia. Sapatu juu ya nta! Miguu ikamtangulia. Akapita nambari ya kumi na tano. Akapita ya kumi, akapita ya tano, akiita jina la Mola kwa sauti. Akafika mpaka kwa Sheikh, ameanguka kwa magoti, ameikamata mikono ya Sheikh kwa mikono yake miwili ili asiendelee mpaka ukutani.

Sheikh alitikisika. Machozi yakamlenga. Akasema kwamba tangu atoke Tabora hajaona mtu aliyemjia kwa unyenyekevu namna ile, tena mtu mzima, tena mbele ya watu. Akamwomba akae kulia kwake. Nikasogea. Watu wote wakasogea, nafasi moja moja, na sasa mtungi wa maji ukawa umemkaribia mtu mwingine kabisa. Mimi nikawa wa tatu. Karatasi ya viti nikaikunja.

Nikajituliza: bado kuna meza. Pilau ya Mwaisha ikapakuliwa, nyama ya mbuzi juu, harufu mpaka barabarani. Lakini wazee, kila mmoja na sahani yake, walikuwa wanyonge. Mmoja alininong'oneza kwamba mara ya mwisho kula peke yake hivi alikuwa mahabusu.

Sheikh akasoma dua. Akala tonge moja. La pili. La tatu. Akainua mkono, akasema alhamdulillahi.

Sikujua, na nani angenijuza, kwamba Sheikh Nasibu hali zaidi ya matonge matatu tangu alipokwenda Hija!

Mabula akainuka. Nilimpungia mkono aache. Hakuniona, nilimfundisha mwenyewe asitazame kitu kingine. Zikaondoka sahani kumi na tano kwa muda wa kupiga chafya mbili. Mzee mmoja aliivuta sahani yake upande wake, Mabula akaivuta upande wa Potsidamu. Majaliwa alikuwa amekwisha kubana tonge lenye kipande cha paja. Mabula alimfungua vidole kimoja kimoja, kwa heshima kubwa, akalitoa, akaenda nalo jikoni.

Kimya. Matumbo yalisikika.

Hapo ndipo nilipopaswa kuomba radhi. Badala yake nikaogopa kile kimya, nikaanza kusimulia. Nikasimulia kilima cha Potsidamu, ngazi, mizabibu. Nikasimulia yule mfalme wa kale aliyejijengea nyumba isiyo na ghorofa pale juu ili apumzike na ufalme, akipuliza filimbi, akizungumza na wanazuoni. Ulimi ukanikimbia. Nikafika kwenye mbwa! Nikasema kwamba mfalme yule aliwapenda mbwa wake hata akawalaza kwenye viti vya hariri, akawazika mbele ya nyumba yake, na akausia azikwe pamoja nao.

Sheikh akauliza polepole kama mimi niliingia chumba walimolazwa mbwa hao. Nikasema niliingia. Akauliza siku hiyo Adhuhuri niliisali wapi. Nikafurahi, maana niliisali! Nikasema niliisali palepale kilimani, katikati ya mizabibu.

Majaliwa, mkono wake bado una mafuta, akasema, “Yaani, Maalim, Adhuhuri umeisali shambani mwa pombe?”

Walicheka. Hata Sheikh alishika ndevu. Kisha Majaliwa akasimama kwa uangalifu, akawaambia jamaa kwamba kwake kuna sufuria mbili motoni, na masinia, na kila mtu aje na miguu yake kama Mungu alivyoiumba. Chumba kikabaki kitupu. Mabula akaniuliza kama sasa anaweza kula zile sahani kumi na tano. Nikamwambia ale. Akala.

Jumapili, 26 Rajabu (4 Novemba)

Baada ya Adhuhuri Sheikh amemtaja Majaliwa.

Amesema mbele ya wote kwamba Maalim amewashinda wote hapa kwa kisomo, na kwamba haamini kama mtu huyu alikula haramu ugenini, kwa kuwa aliyeikumbuka Adhuhuri katikati ya starehe za wafalme hakuisahau dini alipofika jikoni. Neno hilo nimelingoja miaka ishirini! Kisha akaendelea: lakini imamu ni mtu ambaye watu hutoka kwake wameshiba, na jana aliwaona walikoshibia.

Nimelia kidogo, nimejifunika kilemba. Mwaisha aliniletea uji, akakaa karibu, akaniambia, “Baba Tabu, nguruwe wamekwisha. Si ndicho ulichotaka?” Nikasema ndicho. Akasema basi tushukuru, tunyamaze, na zile sapatu atazifanya matandiko ya kuku.

Nimeapa: Potsidamu haitatoka tena kinywani mwangu.

Jumanne, 28 Rajabu (6 Novemba)

Asubuhi Majaliwa amekuja mwenyewe. Alibisha hodi, akavua viatu, akachungulia sakafu kwanza. Hakuna mzaha leo. Akasema kwamba hotuba za Ijumaa za Kiarabu zinamtoa jasho, na ananiomba, ndugu kwa ndugu, nimfundishe kwa siri kila Alhamisi, na siku akiumwa nisimame mimi. Nikamshika mkono. Tukasameheana. Machozi yakatutoka wote wawili, na Mwaisha akatuletea chai.

Ningeishia hapo.

Bali alipokwisha kuondoka nimewaza. Ijumaa hii imamu mpya anaingia msikitini kwa mara ya kwanza. Ataingiaje? Kwa miguu, kama mtu anayekwenda kununua chumvi? Bawabu yule alinieleza jinsi wafalme wao walivyosindikizwa siku ya kutawazwa, safu mbele, safu nyuma, na aliyepanga safu hizo ndiye aliyetazamwa na watu wote. Farasi hapa hawaishi, mbung'o huwaua. Lakini Mabula anamfahamu punda mmoja mweupe, mpole sana, ambaye hajapata kumwangusha mtu zaidi ya mara mbili. Nimemtuma akamkodi. Majaliwa sijamwambia. Afurahi ghafla.

Nawe msomaji uliyevumilia hadi hapa, Mola akuzidishie subira, akuhifadhi wewe na watu wa nyumbani mwako, na kila sahani itakayowekwa mbele yenu mwachiwe mpaka mshibe. Amina.