Mkopo wa Nyumba na Jumba la Upepo

Jumanne, 3 Machi

Malimbikizo yangu ya mshahara yameingia! Yote, baada ya miaka ya kuzungushwa. Sijavua hata viatu, mke wangu keshapiga hesabu: zinatosha kumaliza mkopo wa nyumba, na chenji ya kupaka rangi sebule. Kumaliza mkopo! Yaani nichukue fedha mbichi niwapelekee benki, watu ambao fedha wanazo tayari. Nikamwambia fedha lazima izae. Akauliza ile ya mwaka juzi ilizaa nini. Mashine ya kutotolea vifaranga bado iko stoo, na umeme siukati mimi.

Alhamisi, 5 Machi

Jirani yangu tuliyepakana naye ukuta, Bwana Risiti (hutunza risiti hata za kiberiti), amemaliza mkopo wake kabla ya muda. Sasa ufunguo wa nyumba anauvaa kifuani kwa kamba nyekundu, utadhani medali. Miaka yote hiyo suruali moja, chai bila sukari, kisa mkopo! Leo alinichungulia juu ya ukuta akauliza, jirani, wewe unamaliza lini? Nikamwambia sisi wenye akili ya biashara hatuna haraka. Akacheka. Meno yenyewe hayana mpango, lakini anacheka tu.

Jumamosi, 7 Machi

Nimepata! Mtoto wa mwenzangu wa kazini alikuwa na sherehe ya kuzaliwa, na pale uani palikuwa na jumba la mpira, lile linalojazwa upepo watoto wakarukie ndani. Wazazi wamepanga foleni, mwenye jumba amekaa kwenye kigoda anahesabu noti. Hafanyi lolote! Nyumba yangu ya matofali haijawahi kuniletea hata senti.

Nimelinunua papo hapo, na malimbikizo yote yamekwenda. Nilimwuliza mwenyewe kwa nini anauza. Akasema amechoka kutajirika. Mtu mwungwana sana. Mashine ya kupuliza aliiuza kando, nikailipa kwa rejesho la benki la mwezi huu. La mwezi uliopita pia sikupeleka, lakini benki ina subira.

Mke wangu aliniangalia, akasema neno moja tu: upepo. Akaenda kulala na watoto. Halafu mama mkwe akapiga simu, akaniomba nirudie habari hiyo polepole, maana labda amesikia vibaya. Nikarudia. Akakata.

Jumatano, 11 Machi

Wateja bado. Nililipuliza jumba sebuleni ili nilijaribu. Likajaa, likasukuma makochi, likaziba mlango wa jiko. Mke wangu alikuwa humo jikoni. Ilibidi chakula atupitishie dirishani, na maneno aliyoyapitisha pamoja na chakula siyaandiki hapa. Kioo kimoja kimepasuka. Biashara yoyote ina gharama zake.

Jumamosi, 14 Machi

Mteja wa kwanza! Na nani? Bwana Risiti! Anasherehekea kumaliza mkopo. Alipunguziwa bei mpaka nikaona aibu, kisha akadai risiti.

Mambo yalianza vizuri. Watoto wanaruka, mimi niko kwenye kigoda changu. Nilitangaza kwa kipaza sauti kwamba jumba hili hata tembo akirukia halitoboki. Basi mzee mzima shangwe zikampanda kichwani, akavua viatu, akaingia. Ufunguo nikauona kifuani unaning'inia. Nikajisemea, mwache aruke, aonje utajiri wa wenzake.

Akaanguka kifudifudi. Fyuuuu! Jumba likalala juu yake, tukawa tunaona umbo lake tu linatambaa kutafuta mlango. Watoto wakapiga makofi. Nilipodai fidia, akasema kwa upole kwamba yeye si tembo. Wageni walicheka mpaka wakashikana mabega. Watu wazima ovyo!

Jumatatu, 16 Machi

Benki wamempigia simu mke wangu badala yangu. Umbea mtupu! Afisa mikopo kamwambia tukikosa rejesho la tatu, nyumba inakwenda mnadani. Mke wangu akaniuliza kama ni kweli. Nikasema watu wa benki wanapenda kutisha.

Hakubisha. Aliingia jikoni akalia, ameugeukia ule ukuta alioupiga plasta mwenyewe wakati hatukuwa na fedha za fundi. Alisema hana pa kwenda na watoto. Nilijisikia vibaya sana, kwa kweli niliumia. Nikatoka kwenda kununua gundi.

Alhamisi, 19 Machi

Gundi haishiki mpira. Imeshika suruali.

Ijumaa, 20 Machi

Mama mkwe kaingia asubuhi na mabegi yake yote. Ameuza kiwanja chake, kile alichotaka kujenga chumba cha uzeeni. Kumbe alianza kutafuta mnunuzi tangu siku ile niliporudia polepole habari ya upepo. Mkopo wote umelipwa! Hati ya nyumba itaandikwa jina la mke wangu, nami nimetia sahihi ya kukubali, maana niliwekewa kalamu mkononi.

Mama anachukua kile chumba chenye meza yangu, ofisi yangu. Aliniambia, mwanangu, kaa kwa amani, kula ushibe, ila usiguse kitu. Mke wangu akacheka, mara ya kwanza tangu malimbikizo yaingie. Alimkumbatia mama yake, wakalia, wakacheka tena. Mimi nikaachwa nibebe mabegi.

Jumapili, 22 Machi

Nimekaa barazani nikifikiri kwa makini, na nimeliona kosa langu waziwazi. Jumba lilikuwa dogo!

Yule mwungwana analo jingine kubwa, lenye mtelezo. Analiuza. Amechoka tena. Nami nimeitazama nyumba hii: haidaiwi hata senti, imekaa tu, haifanyi lolote. Afisa mikopo mwenyewe amewahi kuniambia kwamba nyumba isiyodaiwa ndiyo dhamana benki wanayoipenda kuliko zote. Inatakiwa sahihi ya mke wangu tu, na leo ameamka na furaha.

Benki wanafungua kesho asubuhi. Nimeshapiga pasi shati.