Kutekwa kwa Hatua ya Nne

Tulizeni vijiko katika bilauri zenu, enyi mlioketi, na wewe unayeaga mlangoni, rudi ukae. Maana leo yasimuliwa habari ya vita vilivyopiganwa kwa kidole kimoja, katika kiwanda cha mtindi cha ushirika, huko milimani Ajlun, siku ya Jumanne, baina ya chai ya kwanza na chai ya pili.

Asubuhi hiyo Wisal binti Mundhir, mlinzi wa vipimajoto, msichana ambaye sauti yake ilishindwa hata na mngurumo wa jokofu, alikuwa akitenda lile alilolitenda kila siku: kafuta vipimajoto vyake vitano, kavipanga kwa urefu, na sasa anajimiminia chai ya maramiya, yale majani ya mlimani yenye harufu kali. Bilauri ilikuwa imefika nusu, ukelele ukapasua chumba cha matangi.

“Haijaganda! Wallahi haijaganda tena!”

Alikuwa Hadil, mgeni wa kazi, aliyeajiriwa kwa majaribio siku kumi na tisa zilizopita. Mbele yake tangi kubwa la chuma lilikuwa limejaa maziwa mepesi kama yalivyotoka kwenye chuchu za ng'ombe. Hii ilikuwa mara ya tatu. Na Alhamisi Mhandisi Lubna, mtawala wa kiwanda, angeamua kama Hadil abaki au arudi kwa mama yake na aproni yake kwapani.

“Umefanya nini, dada?” akauliza Jiryis mfungaji wa makopo, jemadari wa vifuniko elfu.

“Nimefuata ukurasa! Neno kwa neno!”

Jiryis akajipiga kofi la paji. “Umeusoma? Masikini ya Mungu! Ule si wa kusoma. Ule ni wa kubariki.”

Nao ukurasa huo una nasaba yake. Miaka miwili nyuma, Mhandisi Lubna alirudi kutoka semina ya Amman na habari za wiki, si ile ya siku saba, bali kurasa za kompyuta ambazo kila mfanyakazi aweza kuzifungua na kuziandika. Akasimama juu ya kreti akatangaza: “Maarifa yasikae kichwani mwa mtu mmoja! Kila mtu aandike, na kila mtu amsahihishe mwenzake!”

Amri ya kwanza ilitiiwa na Abu Nawras, mgandishaji mkuu, mshika upawa wa miaka thelathini na mmoja, ambaye kwa vidole viwili na siku tisa aliandika hatua zote za mtindi. Amri ya pili haikutiiwa na yeyote. Kumsahihisha mzee mbele ya kadamnasi ni sawa na kuonja mchuzi wa mwenyeji kisha ukaomba chumvi. Basi wakafanya wafanyavyo watu waliolelewa vema: chini ya kila hatua wakaandika dua. “Mikono yako isalimike, Ami.” “Mungu akuzidishie.” Mmoja akaweka waridi. Mwingine akatumia nafasi hiyo hiyo kumpa pole ya kufiwa na mama mkwe. Chini ya hatua ya nne peke yake dua zilifika ishirini na sita, na nani angethubutu kufuta jambo lililoombewa hivyo?

Kisha sufuria kuu la zamani likastaafishwa, likaja tangi jipya lenye kuta nene. Abu Nawras akahamia chumba cha jibini. Hatua ya nne ikabaki pale pale: *Acha maziwa dakika thelathini, kisha tia chachu.* Katika sufuria la kale, neno hilo lilikuwa kweli tupu. Katika tangi jipya, baada ya dakika thelathini maziwa bado yalikuwa moto, na chachu iliangamia humo yote, bila hata mmoja wa kurudi na habari. Wakongwe walichovya kidole wakangoja yapoe. Hadil peke yake alisoma.

“Mbona hamkuniambia?” akalia Hadil.

“Nikwambie Ami kakosea? Nina shingo moja tu, dada, na mke wangu anaipenda.”

Wisal akamtazama Hadil akijifuta machozi kwa kofia ya nywele, na bilauri ikamwia nzito mkononi. Kwani yeye naye alijua. Alijua kwa miezi minane, kwa nyuzi na nusu nyuzi, maana vipimajoto vilikuwa vyake.

Ndipo shujaa akaondoka.

Akapita magunia ya chumvi, akaifikia kompyuta pembeni, akaivua nailoni yake kama adui avuliwavyo deraya. Akabonyeza *Hariri*. Akazipita dua za hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama askari anayekatiza katikati ya arusi, akiomba radhi kimoyomoyo kwa kila waridi. Akaifikia hatua ya nne. Akazifuta dakika thelathini, herufi kwa herufi, na badala yake akaandika: *Usihesabu dakika. Pima. Tia chachu kipimajoto kikionyesha nyuzi arobaini na tatu.*

Lakini ngome ilikuwa na lango la mwisho: *Eleza kwa kifupi kwa nini umebadilisha.*

Akaandika “Kosa.” Akafuta. Akaandika “Pendekezo dogo tu.” Akafuta. Mwishowe shujaa wetu akakimbia, kama mashujaa wakimbiavyo mara moja moja, akaandika: “Mikono yako isalimike, Ami.” Akabonyeza *Hifadhi*.

Jambo ambalo hakuna aliyemwonya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifanya, ni kwamba dua hazipigi mbiu, bali badiliko hupiga. Simu ya Jiryis ikalia. Ya Hadil ikalia. Huko ghorofani ikalia ya Mhandisi Lubna. Na kutoka chumba cha jibini akawika yule jogoo ambaye kila mtu alimjua: simu ya Abu Nawras.

Mabuti yakaja, pole pole. Mzee akasimama mlangoni, simu kainyoosha mbali na macho. Nyuma yake Mhandisi alikuwa akishuka ngazi.

“Wisal. Hapa naambiwa umebadilisha hatua yangu ya nne. Halafu naona unaniombea dua. Ulitaka kusema nini, mwanangu?”

“Chai, Ami?”

“Nitakunywa. Ulitaka kusema nini?”

Moyoni Wisal alikuwa na hotuba ya kuangusha minara. Kinywani ilitoka hii: “Hatua ya nne ina kosa, Ami. Tangu lilipokuja tangi jipya. Na mimi nilijua, nikanyamaza.”

Abu Nawras akaketi juu ya gunia la chumvi.

“Najua,” akasema. “Tangu siku ya kwanza. Lakini watu ishirini na sita wameiombea dua! Ningeanzia wapi kuifuta? Kila asubuhi nafungua, nasema leo atatokea mmoja wa kunikosoa. Mnaniletea maua.”

“Si ungesema, Ami!” Jiryis akapaza sauti.

“Na wewe si ungesema! Miezi minane unachovya kidole kwenye maziwa, unadhani sikuoni?”

Basi na iandikwe kwamba siku ile, chai ikiwa bado ina mvuke, Hatua ya Nne ilitekwa, nyuzi arobaini na tatu zikatawazwa, wala haikumwagika damu, isipokuwa maziwa ya tangi moja. Na iandikwe pia kwamba Jiryis alitoa simu mfukoni, akaandika chini yake dua ya ishirini na saba: “Mikono yako isalimike, Wisal.”

Lakini Mhandisi Lubna alikuwa bado anamtazama Hadil, na Hadil alikuwa bado anatazama tangi. Abu Nawras akaliona hilo. Akainuka kwenye gunia, akavua kofia yake nyeupe mbele ya wote.

“Bi Mhandisi,” akasema, “matangi yale matatu hayakuharibiwa na binti huyu. Niliyaharibu mimi.”